Nembo za Mke wa Mkwezi

Kusuka mikeka kwetu hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kuiuza. Bibi zangu wote walisuka, lakini walisukia nyumba zao na mabinti zao walioolewa. Baba alipofariki, na minazi yetu ya Ndagoni ikaishia mikononi mwa watu wengine, mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani na talaka yangu. Tukabaki wawili, mama na mimi, tunatazamana. Nikaanza kusukia watu. Mama hakunikataza, ila mteja akija yeye aliingia chumbani akarudishia mlango, na hakutoka mpaka mtu huyo ameondoka.

Enzi hizo za Mwingereza rangi za unga ziliuzwa duka la Mhindi, Kilindoni, na kila msukaji wa Mafia alichovya rangi zilezile akasuka nakshi zilezile. Mkeka wangu ukiulaza kando ya ule wa jirani, usingejua upi ni wa nani. Siku nyingi nilikaa na ukindu mapajani, vidole vimekwama, sina jipya.

Kwenye shamba la tajiri mmoja pale kijijini walikuwapo wakwezi wa minazi waliotoka bara, Wamakonde. Siku za mapumziko walicheza ngoma yao. Sisi tulikatazwa kuitazama tangu utotoni. Tuliambiwa ni mambo ya washenzi. Lakini nilikuwa mtu mzima niliyekwisha kuachika, nani wa kunikataza tena? Nikaenda, nikasimama nyuma ya banda la kukaushia mbata. Ngoma ilinitetemesha kifua, ila kilichonishika hasa ni uso wa mwanamke mmoja aliyekuwa akiimbisha wenzake. Alichanjwa chale mashavuni na kwenye paji: mistari ya pembe kwa pembe, ikishuka kutoka chini ya macho mpaka tayani, kila mmoja ukimpokea mwenzake. Nilipoutazama uso ule nilijua kabisa vidole vyangu vitakwenda wapi.

Kesho yake nikamfuata kwao, kwenye vibanda vya wakwezi. Alikuwa mke wa mmoja wao.

"Shikamoo, bibi mdogo," alinisalimu, naye ni rika la mama yangu.

"Marahaba," nikajibu, kama nilivyolelewa, na masikio yakaniwaka.

Nikamweleza nilichokitaka. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Unautaka uso wangu?"

"Naitaka mistari. Niisuke kwenye mkeka."

"Basi kaa hapa unitazame vizuri. Jana ulikuwa unaniibia nyuma ya banda."

Akaushika mkono wangu, akauweka shavuni mwake, nikaifuata mistari kwa kidole kama mtu anayejifunza kusoma. Alinieleza kuwa hizo ni nembo, alichanjwa na shangazi yake alipokuwa mwali, na jeraha likapakwa masizi ili libaki jeusi. Nilirudi kwake mara nyingi. Nilisuka, nikafumua, nikasuka tena, mpaka mistari ikakubali kukaa kwenye ukindu. Nilipomwonyesha mkeka uliokamilika aliupapasa kwa kiganja, akatabasamu, asiseme neno.

Mkeka huo ulinunuliwa na mke wa yule tajiri, aliyekuwa anamwoza binti yake. Siku ya shughuli ulitandikwa katika chumba cha wanawake, na wake wa nyumba kubwa wakajaa pale wakiusifu. Mama alikuwepo, amekaa pembeni. Mimi niliona mwili mwepesi kwa furaha.

"Nakshi hii ya wapi?" aliuliza shangazi wa bibi harusi. "Ya Unguja?"

"Ya hapahapa," nikasema.

"Nani kakufundisha?"

Nilijibu upesi, maana nilidhani ni sifa ninampa mwenzangu. "Mke wa mkwezi. Yupo hapo uani, anatwanga mpunga."

Wakatazamana. Shangazi akasema, "Mwiteni."

Akaja, mikono imejaa pumba. Wakamsimamisha kando ya mkeka. Shangazi akamshika kidevu, akamgeuza uso upande wa dirishani penye mwanga, na mwingine akawa anaonyesha mistari ya mkeka kwa ncha ya mguu. "Huu hapa. Na huu ndio ule wa shavuni." Walicheka. Mmoja akasema kumbe bibi harusi atalala juu ya uso wa Mmakonde, wakacheka zaidi. Nilisema, "Mwachieni," lakini sauti ilitoka ndogo. Sidhani kama kuna aliyenisikia isipokuwa mama, ambaye alivuta ushungi wake mpaka machoni. Yule mwanamke alisimama mpaka alipoambiwa haya, nenda. Akasema, "Ahsante, bibi," akatoka. Tukasikia mchi unaanza upya.

Mkeka haukukunjwa. Ulikuwa mzuri, wakaukalia mpaka jioni.

Njiani kurudi nyumbani mama aliniambia, "Umetuaibisha."

"Kwa lipi, mama?"

"Kwa kumtaja."

Mimi pia nilikuwa na aibu, ila haikuwa ile yake, na sikujua nimweleze vipi.

Kwa muda nilishindwa kupita upande wa vibanda. Halafu wale wanawake waliocheka wakaanza kutuma watu: wanataka mikeka kama ule. Niliwakatalia wote, nikaenda kwa mke wa mkwezi. Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamwambia nimekuja kumtaka radhi.

"Ya nini?"

"Nilikutaja mbele yao."

"Ungenificha ndiyo ningekasirika. Kwetu tunachanja ili tutazamwe. Ila yule kunishika kidevu, kama mbuzi wa mnada..." Akaacha hapo, akaendelea na mchicha wake.

Nikamweleza habari ya wanaotaka mikeka, na kwamba nimewakatalia kwa aibu.

"Na mtakula nini, wewe na mama yako? Aibu yako mimi hainisaidii kitu. Suka." Akafuta mkono, akakichukua kidole changu, akakipitisha kwenye mstari mfupi uliokuwa katikati ya paji lake. "Huu tu uuache. Huu ni wa nyumba ya mama yangu. Kwenye ule mkeka uliutia, nami nikanyamaza kwa kuwa ulinifurahisha. Usiusuke tena."

Sikuusuka tena. Nilisuka mikeka hiyo maisha yangu yote, na wengine wakaiga kwangu, mpaka Chole na Jibondo. Yote haina mstari ule. Mteja mmoja aliwahi kuniambia hapa katikati umesahau kitu. Nikamjibu sikusahau, nikabadili mazungumzo.

Mkataba wa yule mkwezi ulipokwisha, yeye na mkewe waliondoka kurudi kwao, nami nikapata habari wakiwa wameshavuka. Wiki ile ile nilikwenda nyumba ya tajiri kuomba nipewe ule mkeka wa kwanza nikaufumue pale katikati. Mwenye nyumba alinishangaa. Alisema binti yake ameshauchukua, amehamia nao Kilwa, na kwani una kasoro gani?

Nikasema hauna kasoro, nikaaga.