Ghadhabu na Maji ya Baba

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu tangu hapo neno ghadhabu likitajwa nyumbani mwangu, mwili unanisisimka. Na wewe jana ulilitaja, tena kwa dada yako, kwa ajili ya kitenge tu!

Wakati huo mji wetu ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, nasi tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba yangu alikuwa fundi wa karakana. Alimbembeleza sana bosi wake mpaka kaka yangu Kasongo akapata kazi pale pale. Kasongo akaiacha, akasema anakwenda Rodesia. Baba aliona aibu mbele ya kambi nzima.

Sisi watu wa kaskazini tulikuwa na desturi: mzazi hamwachi mtoto asafiri wakiwa wamekosana. Analitaja kosa kwa sauti, anatia maji kinywani, anayapuliza miguuni pa mtoto, basi, yameisha. Mama akaleta maji kwenye kikombe cha bati. Baba akakisukuma.

"Hii haiko kasirani," akasema. "Hii iko ghadhabu."

Mama akashika kichwa. "Baba Kasongo, ile neno iko ya Mungu! Sema kasirani. Kasirani inapoa."

Mama alijua anachosema. Kasirani ndiyo hasira yetu ya kila siku: inapanda, inashuka, jioni mnakula bukari, ugali wetu, sahani moja. Ghadhabu tuliisikia kanisani kwa katekista tu, ile inayomfukuza mtu na kufunga mlango nyuma yake. Mwanadamu hana nguvu ya kuibeba. Kasongo alingoja kidogo mlangoni, kisha akaondoka na miguu mikavu.

Hata mvua za mwaka ule hazijaisha, habari ikaja: Kasongo anaumwa kifua, anarudi kwa treni, anaomba maji ya baba. Baba alikimbilia stesheni na kikombe kile kile, sisi nyuma yake. Treni ikiwa bado inaingia, akalitaja kosa, akajaza maji kinywani, akangoja. Wakashuka wenzake Kasongo, wamebeba mkoba wake.

"Pole, baba. Yeye alibakia mu njia. Tulimuzika Sakania."

Baba alisimama pale, mashavu yamejaa maji, hana miguu ya kuyapulizia. Mwisho akayameza. Nililiona koo lake likipanda na kushuka, na sijapata faraja mpaka leo. Tangu hapo, katekista akifika kwenye ghadhabu ya Mungu, baba alikuwa akitoka nje ya kanisa.

Kwa hiyo kasirika, mwanangu, sikukatazi. Nuna, piga kelele, kataa hata chakula. Lakini ghadhabu mwachie Mwenyewe, maana ukishaitamka hujui kama utapewa nafasi ya kuirudisha. Dada yako anasafiri leo. Maji yapo kwenye ndoo, nenda kabla hajafunga mizigo. Siwezi kukuahidi kwamba yatamkinga na lolote. Mungu akulainishie moyo, na wote unaowapenda awarudishe kwako kwa miguu yao.