Ndege ya Vita na Arobaini Yangu

Uvumilivu wangu uliisha siku ya ishirini na sita, saa tatu na robo asubuhi, nilipomwona baba mkwe wangu angani.

Nilikuwa dirishani, kwa sababu mlangoni sikuruhusiwa. Kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani siku arobaini. Anakula, ananyonyesha, ananenepa, havuki kizingiti. Aliyeisimamia sheria hiyo kwa sauti kuliko wote alikuwa baba mkwe, fundi mstaafu wa matrekta ya shamba la mkonge. Asubuhi ile ndege ya zamani ya vita, ile ya mabawa mawili, moja juu moja chini, ilipita karibu na bati letu kiasi kwamba kuku walikimbilia chini ya karai. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mzee amevaa kofia ya sufu ya kijani niliyomnunulia mimi Krismasi.

Akanipungia mkono.

Binti yangu, aliyekuwa amelala dakika kumi na moja tu, akaamka.

Ndege yenyewe ilikuwa ya mzungu mmoja mzee mwembamba aliyekuwa akisafiri nayo kuelekea kusini. Aliteremka hapa Same kwenye uwanja wetu wa vumbi, ule ambao mbuzi wanaujua kuliko marubani, akakwama akisubiri kibali cha kuingia nchi inayofuata. Siku ya kwanza watoto walikimbia kuiona. Siku ya pili baba mkwe alikwenda kuwafukuza watoto. Siku ya tatu alirudi nyumbani mikono imejaa oili, macho yanang'aa kama bwana harusi, akatutangazia kwamba ndege za aina ile zimebaki chache sana duniani, na kwamba yule mzungu ameifufua kwa miaka mingi, skrubu kwa skrubu, akamaliza juzijuzi tu.

Tangu hapo iliruka kila siku, saa tatu na robo asubuhi na saa kumi jioni. Saa tatu na dakika chache mwanangu alikuwa ameogeshwa, amenyonya, amelala. Hesabu mwenyewe mimi nilikuwa nalala saa ngapi.

Jioni, kwenye makande, ilikuwa mjadala wa ndege tu.

"Kitu adimu hakichezewi," alisema mama mkwe. Yeye ni mtu wa Mamba, huko milimani kwenye tangawizi, na kila kitu alichonipa kipindi kile kilikuwa na tangawizi, hadi supu. "Waijengee jukwaa la zege pale njia panda. Watu wapige picha, basi. Ikianguka je? Si itakuwa imekwisha?"

"Mama, mashine ikifungiwa inakufa," alisema baba mkwe. "Mipira inakauka. Oili inaganda. Panya wanakula nyaya. Ndege isiyoruka ni bati."

"Na wewe umebaki mmoja tu humu ndani, mbona unaikaribia hivyo?"

"Unataka uniweke kwenye jukwaa la zege?"

"Zege nitalitoa mwenyewe."

Mimi nilitafuna makande yangu. Nilikuwa upande wa mama mkwe, tena kwa ukali kuliko yeye. Bibi yake alikuwa akisimulia kwamba wazungu walipopigania reli huku chini, midude kama hii ilipopita, wanawake walikimbilia mapangoni na watoto mgongoni. Leo tunaambiwa tuipigie makofi. Lakini kilichonikaa kichwani kuliko vita ni yale maneno ya baba mkwe. Mashine ikifungiwa inakufa. Nikamuuliza, "Na mtu je, Baba?"

"Mtu ni mtu," akanijibu, akaongeza nyama.

Niliyaweka maneno hayo akiba.

Kwa hiyo siku ya ishirini na sita, aliponipungia mkono kutoka juu, nilimfunga mwanangu mgongoni kwa khanga, nikamfunika kichwa kwa nyingine, nikatafuta ndala. Mama mkwe alikuwa anakoroga uji. Alinitazama miguu, kisha uso.

"Unakwenda wapi?"

"Uwanja wa ndege."

Akageukia sufuria. "Mimi niko jikoni, moshi umejaa, sioni kitu. Mfunike vizuri kisogo, kuna upepo."

Uwanja si mbali na kwetu, lakini mtu aliyekaa ndani siku ishirini na sita hutembea kama amekopa miguu. Jua lilinipiga usoni. Milima ilikuwa palepale, imevaa wingu lake kiunoni, nikashangaa kama mgeni. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika mahindi alisimama na ungo mkononi, akahesabu siku kwa vidole. Nikamwambia asijisumbue, ni ishirini na sita.

Nilifika wakati wanatua. Nasema kweli, na inaniuma kusema: ilikuwa nzuri. Ilishuka imeinamisha bega moja kwenye upepo, polepole, kama mwanamke anayetua ndoo kichwani bila kumwaga. Kwa karibu niliona mabawa yake ni kitambaa, yameshonwa na kutiwa viraka, na viraka vimetiwa viraka. Rubani aliruka chini akaja mkono mbele.

"Shikamoo," akaniambia, mzee mwenye mvi nyingi kuliko baba mkwe. Alikuwa amefundishwa salamu moja, akimpa kila mtu.

"Marahaba," nikamjibu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuipokea.

Baba mkwe alikuwa bado amekwama kwenye kiti cha nyuma, mguu mmoja nje. Aliponiona, uso wake ulipoteza furaha yote ya ndege.

"Nani kakutoa nje?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani kakutoa nje na mtoto mchanga?"

"Ndege, Baba. Imepita dirishani ikaniita. Tena ulikuwa ndani yake, ukanipungia."

"Nilikuwa nakusalimia tu."

"Basi nimekuja kuitikia."

Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini walicheka. Mzee akashuka, akajipangusa magoti, akatafuta sauti yake ya karakana. Hapo ndipo alipofanya kosa. "Wewe ni mzazi. Kama una lalamiko kuhusu chombo hiki, kuna serikali. Peleka kwa mtendaji, kwa maandishi."

Alidhani maandishi yatanishinda. Alisahau kwamba mimi nimemaliza kidato cha nne, na kwamba barua za chama chao cha wastaafu niliziandika mimi.

Kitu kimoja nilikigundua njiani kwenda ofisini. Mwanangu alikuwa amelala. Alilala tangu tulipotoka nyumbani, injini inanguruma hatua kumi kutoka sikioni mwake, na hakutikisa hata kope. Nilisimama katikati ya barabara nikampapasa kuhakikisha anapumua. Alikuwa anakoroma. Siku zote zile nilikuwa nimeilaumu ndege, kumbe naye alitaka kutoka nje.

Mtendaji wa kata alinikodolea macho. "Dada, si uko ndani wewe?"

"Niko ndani. Hapa hujaniona. Nipe karatasi."

"Lalamiko ni la ndege au la mkwe?"

"Utasoma."

Niliandika nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa mtoto huamka. Akaipiga muhuri nami nimemsimamia. Barua ilisema hivi:

YAH: NDEGE KURUKA NA MIMI KUTORUKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi, mkazi wa kata yako, nipo ndani siku ya ishirini na sita. Nalalamika kuhusu ndege ya zamani ya vita kupita juu ya bati letu mara mbili kwa siku na kumwamsha mtoto.

Mwanzo nilitaka kuomba isiruke kabisa. Naondoa ombi hilo. Nimeiona leo, na fundi mstaafu ambaye ni baba mkwe wangu amethibitisha mbele ya makande kwamba mashine ikifungiwa inakufa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Ndege iendelee kuruka, ila ipitie upande wa porini, si juu ya nyumba yetu. Na kwa kuwa kanuni hiyo imekubaliwa na mzee wa nyumba, itumike kwangu pia: nitolewe kila siku saa tatu asubuhi, mzunguko mmoja hadi gengeni na kurudi, mtoto mgongoni, rubani nikiwa mimi.

Iwapo ofisi yako itaona arobaini ndiyo kanuni kubwa zaidi, basi ndege nayo imefufuliwa juzijuzi tu, ni kichanga. Iingizwe ndani siku arobaini, isivuke kizingiti, inyweshwe uji wa tangawizi, na baba mkwe akae nayo.

Nakala: Baba mkwe, kwa utekelezaji. Mama mkwe, kwa taarifa, ingawa anayo.