Mgongo wa Bi. Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya serikali huko Temeke, nilikabidhiwa fagio la chelewa. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, koti jeupe nimelipiga pasi mara mbili, na kichwani nimekariri majina ya misuli yote ya mgongo. Mkuu wa Kitengo cha Fiziotherapia, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinitazama toka viatu mpaka ukosi, kisha akaniambia nifagie ukumbi wa mazoezi, kona hadi kona. Nilidhani ananidharau kwa kuwa nimetoka Upareni na lafudhi yangu ilikuwa bado ya milimani. Nikafagia kwa hasira. Nilipomaliza nikajishika kiuno, naye akaniuliza panauma wapi, nikamwonyesha, akaandika kwenye daftari lake kana kwamba mimi ndiye mgonjwa wa kwanza wa siku hiyo.

"Wagonjwa wako wanatoka huko," alisema. "Wameinama hivyo toka wadogo. Usije ukawatibu kama watu wa kwenye kitabu."

Nilimsikia, ila hayakuniingia. Nyinyi vijana mnaotoka vyuoni mkijua kila kitu, msijione mko peke yenu. Mimi niliwatangulia.

Kwa wasioijua kazi yetu, fiziotherapia ni kumrudishia mtu uwezo wa kutumia mwili wake, kwa mikono, mazoezi na subira. Mtaani walituita madaktari wa kukanda, jina lililonikera miaka mingi. Tulikuwa na vitanda vitatu, taa ya joto, mashine ya kusisimua misuli iliyofanya kazi siku ikipenda, na goniometa, yaani rula yenye mikono miwili ya kupimia kiungo kinajikunja kwa kiasi gani. Foleni ilikuwa imejaa migongo. Migongo ya makuli, ya mama lishe, ya mafundi cherehani, ya madereva. Wakati ule tulifundishwa kwamba mgongo unaouma hutulizwa kwa kupumzishwa, nami nikabuni kadi yangu mwenyewe. Niliiandika kwa herufi kubwa, mistari mitatu, chini yake muhuri wa kitengo: USIINAME. USIBEBE. USIKAE CHINI. Nilizigawa kadi zile kama mtu anayegawa mwaliko wa harusi ya mwanawe.

Mkuu wa Kitengo aliiokota moja mezani akaisoma. Akaniuliza, asiiname mpaka lini? Nikamjibu, mpaka maumivu yaishe. Akauliza, na yasipoisha? Nikacheka kwa adabu nikidhani ananitania, naye akairudisha kadi mezani akaenda zake.

Baadaye nilihamishiwa Kinondoni, kwenye kituo kimoja cha afya ambacho wagonjwa wake wengi walikuwa wabeba magunia wa soko la Tandale. Mganga Mfawidhi wa pale, ndiye daktari msimamizi wa kituo, alikuwa mtu wa saa. Alinipa dakika kumi kwa kila mgongo, na alikuwa akipita mlangoni kuhakikisha. Nilijifunza kufanya kazi haraka na kadi zangu zikanifaa sana, kwa maana kadi haihitaji maongezi. Nikakaa huko miaka mingi, nikapanda cheo, kichwa kikavimba kidogo, kisha nikarudishwa Temeke kuwa msaidizi wa yule yule Mkuu wa Kitengo, ambaye sasa nywele zilikuwa nyeupe na miwani ingali na uzi.

Hapo ndipo alipoingia Bi. Zuhura.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei, mkazi wa Mbagala, ukoo wao wa huko Kilwa. Alitembea kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni na anaogopa tone lisimwagike. Alikaa kitini kwa awamu tatu, akafungua mfuko wa plastiki, akamimina mezani pangu maganda ya dawa. Alianza na diklofenaki, ikamsaidia mwaka mzima. Ikapungua nguvu, akameza mbili badala ya moja, tumbo likawaka moto. Akabadilishiwa vidonge vikali zaidi, vikamletea usingizi na kumwachia maumivu. Akaja kwenye sindano, ikawa inamtuliza siku tatu, halafu moja, halafu haikutuliza kitu. Madaktari walikuwa wamempima upya kwa picha, damu na nguvu za miguu, na hawakuona ugonjwa wa kupasua wala wa kutisha. Sisi tunayaita maumivu sugu. Jeraha la mwanzo limeshapona zamani, ila mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele na haijui namna ya kunyamaza.

"Zote hizi nimezimaliza, daktari," alisema. "Zimeniacha mie na mgongo wangu."

Kisha akatoa kwenye pochi kadi iliyofungwa kwa nailoni, akaniwekea mbele kwa heshima, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Aliniambia amefuata masharti yake miaka minane bila kukosa siku. Hapiki kwenye jiko la chini. Wakwe zake ndio wanaofagia. Msibani hukaa kwenye kiti cha plastiki peke yake, wenzake wa rika moja wako chini kwenye mikeka, hata wakaanza kusema Zuhura siku hizi anajiona. Mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza. Mwandiko ulikuwa wangu.

Sijawahi kuona aibu kazini kama ile. Nilikuwa na mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwatibu, na utii wake ndio uliomfunga. Mkuu wa Kitengo alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshaiona kadi. Hakunisema. Alisogeza kiti, akamuuliza Bi. Zuhura swali ambalo mimi sikuwa nimemuuliza mtu kwa miaka yote ile, kwamba maumivu haya yamekunyima nini.

Bi. Zuhura akasema yeye ni mwosha. Kwao mtu akifariki, maiti huoshwa nyumbani na kuvishwa sanda kabla ya kuzikwa, wanawake wakiwaosha wanawake wenzao, na kila mtaa una mtu wake anayeitwa kwa kazi hiyo. Miaka ishirini mtaa wao ulimwita yeye. Aliyemfundisha ni mama yake, Bi. Mwanaidi, ambaye sasa alikuwa ameshapita themanini na anakula vijiko vitatu kwa siku. Mama alikuwa na ombi moja tu, asiguswe na mkono mwingine siku yake ikifika.

"Mie sikuombi mgongo upone, daktari," alisema. "Nataka nimwoshe mama yangu. Baada ya hapo na uume unavyotaka."

Nikamwambia kuwa kadi ile niliiandika mimi, na kwamba nilikosea. Nilitarajia anitukane, na ningestahili. Aliitazama kadi, akanitazama mimi.

"Sasa ulitaka nisikusikilize?"

Ndivyo alivyonisamehe.

Shida ilikuwa kwamba sikujua kuosha maiti kunahitaji nini. Mimi ni mwanamume tena Mkristo, chumba kile kisingenihusu kamwe. Mkuu wa Kitengo akaniambia niende kwa anayejua, nami nikafunga safari mpaka Mbagala kwa Bi. Mwanaidi mwenyewe. Nilimkuta kwenye mkeka, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, macho yana utani. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akaniuliza kama nimekuja kumpima urefu wa sanda. Nilipomweleza, alinifundisha kwa utulivu kana kwamba tunazungumzia namna ya kupika wali. Maiti hulazwa kitandani, chini yake panachimbwa ufuo wa kupokelea maji. Mwosha humwinua mabega mpaka akae nusu, humpapasa tumbo taratibu, humlaza, humgeuza ubavu huu na huu, huku akimwagia maji kwa kata, upande wa kulia kwanza. Niliandika yote kama mwanafunzi. Nilipoaga akanishika mkono.

"Mjitahidi, mwanangu," alisema. "Mie sina haraka, ila siahidi."

Tulianza na kidogo sana. Wiki ya kwanza Bi. Zuhura aliinama mpaka mikono ifike magotini, mara kumi, akipumua. Alilia, na aliniambia halii kwa maumivu, analia kwa woga. Mwili ulioambiwa miaka minane kwamba kuinama ni hatari hausadiki siku moja kwamba mambo yamebadilika. Daktari wake naye alikuwa akimpunguzia vile vidonge vikali kidogo kidogo, kwa kuwa si vya kuviacha ghafla. Nilimfundisha kupangilia, maana yake unaacha pale saa inapokwambia uache, bila kusubiri maumivu yakwambie, na siku nzuri unafanya kiasi kile kile cha siku mbaya.

Hilo la siku nzuri lilimshinda. Jumamosi moja aliamka mwepesi, akafua mikeka ya nyumba nzima. Alilala wiki. Aliporudi alikuwa amenuna, akasema anarudi kwenye sindano zake, bora zilikuwa zinadanganya. Mkuu wa Kitengo, akiwa bado anaandika vitu vyake, alimuuliza siku aliyoinuka kitandani baada ya wiki ile nani alimwinua. Akajibu, hakuna, aliinuka mwenyewe. Mkuu akauliza, na mwaka jana? Bi. Zuhura akafikiri. Mwaka jana alikuwa akiinuliwa na wakwe wawili. Akavua ushungi, akaupanga kwenye kiti, akapanda kitandani kwa mazoezi.

Mwezi wa nne wa mazoezi tukatengeneza mtu. Tulilikunja godoro kuukuu, tukalitia mifuko ya mchanga, tukalifunga kwa mashuka, tukalilaza kwenye kitanda cha mazoezi pamoja na ndoo na kata aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Sakafu ililowa mpaka Muuguzi Mkuu akaja kulalamika. Kitu kimoja kilinishangaza. Bi. Zuhura alilifunika lile godoro kwa kanga, akawa analiosha chini ya kanga, mkono ukipita bila kufunua. Nikamwambia hilo ni godoro, afunue apate nafasi. Akakataa.

"Nikizoea kumfunua huyu, siku ya mtu nitamfunua," alisema.

Nimewaona maprofesa wakifundisha maadili ya mgonjwa kwa saa mbili bila kufika pale alipofika yeye kwa sentensi moja. Toka siku hiyo nilikuwa namsubiri afike kama anavyosubiriwa mwalimu. Aliongeza dakika mbili, tatu, akarudi nyuma, akaongeza tena. Tulipofika mwisho alikuwa na dakika ishirini na tano za kuinama na kuinuka, na hakuwahi kuzivuka. Maumivu yalikuwa yapo. Alikuwa akiniambia yapo, kama mtu anayekueleza habari za mpangaji asiyehama.

Mkuu wa Kitengo alistaafu. Hakupenda hotuba, aliomba tu miwani mpya. Nikakalia kiti chake, na kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kuwanyang'anya vijana wangu kadi zote. Kisha zamu yangu ikafika. Sasa naishi Kigamboni, napalilia mchicha, na mgongo wangu huamka kabla yangu. Natembea asubuhi, nainama kwa kiasi, na siku nikishikwa na uvivu namkumbuka mama wa Mbagala na godoro lake. Vijana wa kazini hunipigia kuuliza wafanye nini na mgonjwa ambaye dawa zimemkatalia. Nawaambia wamuulize alichonyimwa, kisha wakae wamsikilize mpaka amalize, na wala wasimwahidi kwamba mgongo hautauma.

Miezi michache baada ya kustaafu kwangu nilipata simu. Bi. Mwanaidi, aliyeniambia hana haraka, alikuwa ameondoka alfajiri.

Nilivuka daraja nikaenda. Nilikaa na wanaume nje chini ya turubai, karibu na dirisha la chumba kilichotundikwa kanga. Ndani yalisikika maji. Nasema kwa aibu, lakini nilitazama saa. Dakika tano, kumi na tano, ishirini. Ilipotimia ishirini na tano maji yakakatika. Nikadhani mgongo umegoma. Mzee mmoja aliyekaa karibu yangu alinishika bega akanipa pole, akidhani nimemlilia marehemu, na kweli nilikuwa nalia. Nikasikia sauti ya mwanamke ikimuuliza Zuhura, tukupokee? Halafu nikaisikia sauti yake, ya chini, haina papara.

"Msimguse. Napumzika tu."

Tukasubiri wote, nje na ndani. Kisha maji yakaanza tena.

Tuliporudi kutoka makaburini niliomba ruhusa nikasogea mlangoni kumpa pole. Alikuwa chini, kwenye mkeka, katikati ya wenzake, bega kwa bega. Mazoea ni mabaya. Badala ya maneno ya msiba yalinitoka yale ya kazi, nikamuuliza kutoka sifuri mpaka kumi, leo yanauma kiasi gani.

"Tisa," alisema, uso umelowa. "Ila nimemgeuza mwenyewe, daktari. Kulia na kushoto."