Chumba Chetu Nyuma ya Ngome

Mimi ni mbishi, nakiri. Mke wangu husema nikishalishika neno, hata winchi hailing'oi. Kwa hiyo siku nilipoileta nyumbani ile ramani, sikutaka ushauri wa mtu.

Niliipata hapa hapa Bowie, Maryland, kwa jirani mzee aliyekuwa anahama na kuuza vyombo vyake. Ilikuwa ya kale, ya kuchongwa kwenye bamba la shaba kisha ikapigwa chapa kwenye karatasi nene, ndani ya fremu ya kioo: bandari, ngome, meli za matanga, vijumba vidogo kama punje za ulezi. Juu yake herufi kubwa: ALEXANDRIA. Nikasema basi, nimepata.

Alexandria ndiko tulikoanzia maisha, ng'ambo ya mto, upande wa Virginia. Chumba kimoja, godoro chini, mtoto wa kwanza akilala ndani ya sanduku la nguo tulilolitoa kifuniko. Mwaka jana tulipita kuliangalia jengo, tukakuta limebomolewa, pamesimama maghorofa ya vioo. Mke wangu alilia garini mpaka tukavuka daraja, na mimi niliumia kwa sababu sikuwa na cha kumpa. Hata picha ya chumba kile hatuna. Simu zetu za wakati ule zilikuwa za kupigia tu.

Nilipompa ramani alivaa miwani, akaipitia yote kwa kidole.

"Mto ule pale," nikamwambia, nikimwonyesha maji. "Ng'ambo ni Maryland. Sisi tulikuwa hapa, nyuma ya ngome."

Ngome yenyewe sikuikumbuka, lakini nikajiambia wameibomoa kama walivyobomoa jengo letu. Akacheka, akachukua rangi yake ya kucha, akatia kinukta chekundu juu ya kioo. Nikaitundika ukutani sebuleni, na tangu siku hiyo kila mgeni alionyeshwa kinukta, na mimi kichwa kikanivimba.

Kisha akaja shemeji kutoka Silver Spring, kaka yake mke wangu, mjuaji wa kupindukia. Akaweka kikombe chini, akasogea ukutani.

"Shemeji, hawa ngamia walikuwa wanafanya nini Virginia?"

"Farasi hao. Mchoraji hakujua kuchora."

"Na huu mnara wa msikiti?"

"Kanisa."

"Hii ni Iskandaria, shemeji. Ya Misri. Wazungu ndio wanaoiandika hivi."

Iskandaria nilikuwa naijua tangu madrasa kule Tanga, maalimu alikuwa akiitaja kila mara. Na Alexandria niliijua kwa basi la alfajiri na harufu ya sabuni ya kufulia. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba ni jina moja. Nikapandwa na mori, nikamwambia mimi nimeishi Alexandria miaka mitatu, yeye hajalala huko hata usiku mmoja. Halafu nikawatazama vizuri wale farasi wangu. Wana nundu.

Nikaenda gereji kuchukua bisibisi. Hasira ilikuwepo, ila aibu ilizidi: nimemletea mke wangu mji wa watu wengine, naye ameushangilia mbele ya wageni. Nikapanda kiti. Yeye akatoka jikoni na sahani ya vitumbua, akamsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kisha akanitazama nilivyosimama pale juu.

"Unafanya nini?"

"Naishusha. Siyo kwetu."

"Kule wameshabomoa," alisema. "Na hii ukiishusha, chumba chetu kitakuwa wapi?"

Mimi, mbishi, nikatii. Nikashuka na bisibisi yangu. Shemeji akachukua kitumbua, akainama tena kwenye kioo, akauliza kile kinukta chekundu ni cha nini.

Mke wangu akavaa miwani. "Hapa ndipo tulipokaa," akamwambia, kidole juu ya Misri. "Nyuma ya ngome."

Na yule mjuaji, safari hii, hakusahihisha.