Nyumba ya Yath

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na digrii ya fasihi, koti moja la kitani, na kazi ya kuwaambia watu wa Homa Bay kwamba hawakuwa wamefika hospitalini. Kazi hiyo sikuiomba. Niliajiriwa kuwa mkalimani wa msanii mmoja kutoka Nairobi, mwanamke mpole mwenye miwani mikubwa ambaye sote tulimwita Madam. Alikuwa amekodi ghala la zamani la samaki karibu na ziwa na kuligeuza kuwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikujua nikiiteje. Maonyesho, nilisema, lakini maonyesho kwetu ni ng'ombe waliovishwa riboni na maboga yasiyobebeka.

Mle ndani palikuwa na giza. Shuka nyeupe zilining'inia kutoka darini, na projekta mbili zilirusha juu yake picha za magome ya miti: gome lililopasuka, gome linalovuja utomvu, kovu la shoka lililofunga kama kidonda cha goti. Kutoka kwa spika zilizofichwa ilisikika sauti ya shoka, kisha kimya, kisha wanawake wakivuma kwa midomo iliyofungwa, kama wafanyavyo matangani sauti zinapokuwa zimekauka. Katikati ya chumba, juu ya majiko ya makaa, sufuria za majani ya mkalitusi zilichemka. Juu ya kila sufuria lilining'inia blanketi, na mgeni aliingia chini yake akaketi kwenye kigoda.

Madam alieleza kwamba mti hutoa harufu yake yote pale unapojeruhiwa. Alitaka mtu aingie ndani ya jeraha hilo, alisikie, alinuse, kisha atoke akiwa mwepesi. Nilitafsiri maneno hayo kwa uso mkavu, huku omena waliowahi kuhifadhiwa mle wakitukumbusha, kila jua lilipopanda, kwamba nao wana harufu yao.

Ubao wa mlangoni ndio ulioleta matata. Madam alitaka jina la Kidholuo, tena fupi. Nikampa Od Yath, nyumba ya mti. Nikamweleza, nikijisikia profesa, kwamba yath ni mti na yath vilevile ni dawa. Ukisema miti mingi au dawa nyingi, maneno huachana, kila moja likashika njia yake, lakini katika umoja huwezi kuyatenganisha. Alipiga makofi. Alisema neno hilo peke yake lilikuwa limesema yote aliyokuja kusema. Niliuandika ubao kwa mkono wangu, herufi nyekundu, maana ilikuwa mara ya kwanza sarufi kunipatia sifa nje ya darasa.

Watu waliusoma walivyojua wao: nyumba ya dawa. Na kujifukiza chini ya blanketi kwa majani ya mkalitusi si jambo geni kwa yeyote aliyewahi kushikwa na homa nyumbani kwao. Wiki haikuisha kabla foleni haijafika barabarani. Miaka ile nyumba nyingi za huko zilikuwa na mtu aliyelala chumba cha ndani, akizidi kukonda, na ugonjwa wake haukutajwa. Watu hao sasa walikuwa wakiletwa kwetu, wakishikiliwa mabegani. Nilisimama mlangoni nikieleza kwamba hii ni sanaa. Wazee walinisikiliza kwa heshima, kisha wakauliza kama sanaa hiyo inatibu na miguu.

Asubuhi moja nilimwona mama yangu kwenye foleni. Alikuwa ametoka nyumbani kwetu, upande wa Uriri kule Migori, na nyuma yake, akiegemea ukuta, alikuwa kaka yangu mkubwa.

Kaka alikuwa amechimba dhahabu Osiri kwa miaka kadhaa. Alirudi bila dhahabu na akiwa na kikohozi, na hospitalini wakasema ni kifua kikuu. Wakamwanzishia sindano, pamoja na vidonge vya miezi mingi. Nilikuwepo daktari alipomwonya, tena akarudia: akiacha katikati, ugonjwa utarudi na nguvu mpya, na huenda vidonge hivyo visimfae tena. Kaka alianza kupata nafuu kidogo. Lakini vidonge vilimtapisha na kuufanya mkojo wake uwe mwekundu. Daktari alisema ni rangi ya dawa tu. Mama alisema anaijua damu akiiona.

Nilimuuliza mama kama kaka amemeza vidonge. Alinitazama kama mtu anayehojiwa na karani. Kaka hakuwa amemeza, wala jana yake. Mama alikuwa amevifunga kwenye pindo la leso, akanionyesha fundo lenyewe. Hakutaka dawa mbili zipigane ndani ya mtu aliyekwisha kuwa mwembamba hivyo. Mvuke ukimsaidia, vile vidonge angevitupa ziwani, na ziwa halikuwa mbali.

"Si wewe umeandika pale juu?" akasema, akiuelekeza mdomo kwenye ubao. "Mwandiko wako mimi naujua."

Zamu ya kaka ilifika. Msaidizi wa Madam aliinua pazia na kaka akaingia gizani.

Hapo nikafanya kile ambacho elimu ilinifundisha, yaani nikahutubia. Nikageukia foleni na kusema kwa Kidholuo, kwa sauti ya kutosha, kwamba humu ndani kuna mti tu, hakuna dawa. Ndivyo nilivyokusudia. Kilichotoka kinywani ni: Ma yath, to ok en yath. Hii ni yath, lakini si yath.

Foleni nzima ilicheka, hata waliokuwa hawana pumzi ya kuchekea. Mzee mmoja aliyekuwa na chupa ya chai mapajani aliniambia kwa upole, "Profesa, chagua moja."

Nikakimbilia Kiswahili, nikawa mwangalifu hata na ngeli. "Mama, huu ni mti tu. Si dawa."

"Unaniongelesha Kiswahili kama D.O. barazani," mama akasema. "Nimekukosea nini?"

Ndipo tukasikia kikohozi. Kilianza kidogo, katikati ya sauti za shoka, kisha kikawa kikubwa kuliko shoka. Niliingia ndani mbio na mama nyuma yangu. Shuka zilinipiga usoni. Nilimwona Madam kando ya projekta, amejishika shavu, na juu ya shuka nyuma yake kovu la mti likiwa kubwa kama mlango. Nilimwambia azime kanda. Akazima. Shoka likanyamaza, kikohozi hakikunyamaza. Blanketi lilikuwa linatikisika kama kuna watu wawili ndani.

Nilishika upindo nikainua. Mama akaushika upande wake akaushusha.

"Mwache," akasema. "Ugonjwa unatoka."

"Mama, ni moshi wa makaa. Hana pumzi."

"Unatoka, nimekuambia."

Tukavutana. Mimi na mama yangu, kila mtu na pembe yake ya blanketi, na katikati yetu mtu akitafuta hewa. Sijui tungevutana mpaka lini. Mkono wa kaka ulitoka chini ukashika kifundo cha mkono wangu, na mwenyewe akatoka akiwa amejikunja, uso umelowa. Nilitazama kiganja chake nikitafuta damu. Haikuwepo.

Alikaa sakafuni mpaka kifua kikatulia kidogo. Kisha akasema neno moja, "Nguzo."

Mama aliinama karibu naye. Kaka akasema nguzo za shimoni kule Osiri ni za mkalitusi, na zikikatwa mbichi hunukia hivi hivi. Siku shimo lilipoporomoka, yeye alikuwa juu akikata nguzo mpya, na waliokuwa chini walilisikia shoka lake wakamwambia afanye haraka. Shimo hilo lililowazika watu tulilijua, kama kila mtu Migori alivyolijua. Hatukujua kwamba alikuwa pale. Alipokuja nyumbani msimu ule alisema tu kwamba kazi imekwisha.

"Nilikuwa nakata haraka," akasema. "Nilikuwa nakata haraka sana."

Mkono wa mama uliachia blanketi. Mle ndani tulisikia sufuria zikichemka, na projekta ikibadilisha picha yenyewe, gome baada ya gome, kwa mlio wake mkavu.

Kisha kaka akanyoosha kiganja. "Mama," akasema, "miya yath."

Nipe yath. Nilikuwa nimehangaika na neno hilo mbele ya foleni nzima, na hapa hakuna aliyeuliza ni lipi kati ya mawili. Mama aliinua pindo la leso akalifungua fundo kwa meno. Mzee wa chupa ya chai, ambaye alikuwa ametufuata ndani bila kualikwa, alimimina kikombe akakileta.

Kaka aliingiza vidonge mdomoni, akakunja uso, akanywa. Mama alikuwa bado amesimama. Alimuuliza Madam, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kama anaweza kuweka sauti ya wale wanawake bila ile ya shoka. Madam alipeleka kanda mbele mpaka akaipata sehemu hiyo. Mama akavuta kigoda karibu na sufuria, akakaa, akajifunika blanketi mpaka miguuni.

Wanawake walivuma kwa muda. Mabega ya mama yalikuwa yakipanda na kushuka chini ya blanketi, nami sikujua kama ni mvuke. Kisha sauti yake ikatoka, nzito kwa sababu ya sufu.

"Amemeza vyote?"

"Vyote," kaka akasema, na akafungua mdomo wazi kumwonyesha, ingawa mama hakuwa anaona.