Gari Lisiloweza Mwendo wa Msiba

Watu walimwita Taratibu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti moja jeusi lililopigwa pasi mpaka viwiko vikang'aa, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka wafu makaburini. Wenye magari ya maiti mjini walikuwa wengi. Wao walifunga mlango wa nyuma, wakapiga honi, wakaondoka, na waombolezaji wakajijua. Taratibu hakuondoka hivyo. Kabla ya kuwasha gari aliwauliza waliokusanyika uani, "Mkubwa kuliko wote, anayekwenda kwa miguu, ni nani?" Akishaonyeshwa, alimtafuta mtu huyo kwenye kioo cha pembeni, akamweka hapo, na safari nzima hakumwacha atoke. Mzee akipunguza, gari lilipunguza. Mzee akisimama kufuta jasho, gari lilisimama. Familia zilisema wengine wanakubeba tu, Taratibu anakusindikiza.

Gari lake la kwanza lilivumilia mwendo huo miaka mingi, kisha kutu ikalimaliza. Akanunua jipya, jeusi, refu, kutoka kwa kampuni yenyewe iliyoliunda, ambayo ilikuwa na duka na karakana mjini. Mkewe alilizunguka pole pole, akapitisha kidole kwenye rangi. "Hili naona haya kulipanda nikiwa hai," alisema.

Mwezi haukuisha, likachemsha. Lilikuwa limembeba mwalimu mstaafu, katikati ya barabara ya sokoni, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye wekundu, mvuke ukafuka kwenye boneti, na waliokuwa wakiimba nyuma wakanyamaza mmoja mmoja. Muuza nyanya mmoja akasema kwa sauti, "Marehemu amekataa kwenda." Huenda alitania. Lakini safari iliyofuata gari likachemsha tena, na neno lile lilikuwa limeshatangulia.

"Wateja wako wanagoma siku hizi," seremala wa majeneza, rafiki yake, alimwambia Taratibu.

"Wako wewe hawalalamiki?"

"Mimi nawalaza. Kuwaondoa ni kazi yako."

Walicheka wote wawili. Ila Taratibu aliona kwamba simu yake haiiti kama zamani, na kwamba nyumba mbili za mtaani kwake, zote za watu aliokuwa akisalimiana nao asubuhi, zilikuwa zimezika kwa gari la mtu mwingine. Hakuna familia inayotaka maiti wao aonekane amekataa.

Alilipeleka gari kwenye kampuni. Dada wa mapokezi alimpa pole na kiti. Wakakaa nalo, wakalirudisha limeoshwa, linanukia marashi.

"Hatukuona tatizo lolote, baba."

"Mliliendesha wapi?"

"Barabara kuu."

"Mwendo gani?"

"Mwendo wa kawaida tu."

"Kawaida ya nani?"

Dada alitabasamu, akampa kalamu yenye nembo ya kampuni. Aliporudi mara ya pili alipewa mwavuli. Mara ya tatu, kofia. Mkewe alisema gari likiendelea kuchemsha watafungua duka.

Akapiga simu makao makuu, akasubiri mpaka akaukariri muziki wao. Jibu lilikuja baada ya siku nyingi: mteja anashauriwa asiendeshe chini ya kilomita arobaini kwa saa.

Alitii mara moja tu. Lilikuwa jeneza la fundi cherehani, na mshale haukutikisika hata kidogo. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona waombolezaji wakianza kutembea haraka, kisha wakikimbia, kisha mama mkwe wa marehemu, viatu mkononi, akimwashiria asimame kama mtu aliyeachwa na basi. Alifika makaburini peke yake na fundi cherehani. Wakasubiri pale, wote wawili, mpaka wenye msiba walipofika wakihema. Siku ile hakuna aliyemshukuru.

Kisha mkunga akafa. Watoto wote wa Taratibu walipokelewa na mikono yake, na nusu ya mtaa pia. Alipokuwa anaumwa alimwita Taratibu kitandani. "Unipeleke wewe," alimwambia. "Na usinikimbize. Dada yangu atataka kutembea, na unamjua mguu wake."

Taratibu aliujua. Dada mtu alikuwa na zaidi ya miaka themanini, alitembea kwa fimbo, na kutoka mlangoni kwake mpaka dukani alipumzika njiani. Mwendo kama ule lile gari halikuwa limewahi kuuona. Likichemsha na mkunga ndani, mtaa mzima ukiwa nyuma, basi kazi yake ilikuwa imekwisha, na ahadi yake pia.

Siku moja kabla ya mazishi alikwenda kwenye kampuni, akakataa kiti, akamtaka meneja wa karakana aje waende pamoja. Meneja, mtu mnene mpole mwenye tai, akapanda. Wakaanza kuzunguka uwanja wa karakana.

"Mbona pole pole hivi?"

"Huu ni mwendo wa mtu wa miaka sitini. Wa kesho ana themanini na kitu."

Wakazunguka tena, na tena. Mafundi waliacha kazi wakatazama. Mshale ukaanza safari yake.

"Zima," alisema meneja. "Zima, utaua injini!"

"Ninaowabeba hawaniambii nizime."

Lakini alizima. Meneja alifungua boneti, akatazama, akagusa, akaunguza kidole. Alisema feni inazunguka, rejeta ni nzima, maji yapo. "Gari hili limeundwa liende, mzee. Haya unayoyafanya kampuni inayaita matumizi yasiyo ya kawaida."

"Kusindikizwa kaburini si kawaida? Wewe umepanga kukwepa?"

Meneja alifunga boneti. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Sikukwambia mimi. Likianza kupanda, washa hita mpaka mwisho. Inatoa moto kwenye injini inauleta ndani."

"Na sisi wa ndani?"

"Fungueni madirisha."

Kesho yake jua lilikuwa kali, anga halina wingu. Mtoto wa mkunga, mhasibu, alikaa kiti cha mbele katika suti nzito ya kuazima. Taratibu alimtafuta dada mtu kwenye kioo, akamweka, akaondoka. Mbele ya soko mshale ukainuka, naye akawasha hita.

"Kaka," alisema mhasibu baada ya kitambo, "hiki kiyoyozi chako kimekuwaje?"

"Hiyo ni hita."

"Hita? Leo?"

"Tukiizima, gari linachemsha."

Mhasibu alitazama nyuma, kwenye jeneza la mama yake. Akalegeza tai, akavua koti. "Basi iache," alisema. "Mama alipenda chumba chenye joto."

Upepo wa moto uliwapiga usoni, madirisha yote yakiwa wazi. Maji yalimtiririka Taratibu kutoka kwenye nywele mpaka kidevuni, akawa anafuta kwa mkono. Waliokuwa kando ya barabara wakaambiana kwamba leo Taratibu analia. Alisikia. Hakuwasahihisha, hakuwa na hakika kwamba wamekosea.

Karibu na daraja, dada mtu akasimama, akaegemea ukingo. Mshale ulikuwa umeugusa wekundu. Kuzima hakuthubutu, maana gari hilo likizimwa na moto wake halikuwaka tena mpaka lipoe. Kusogea mbele kidogo, injini ipate upepo, kungemwacha bibi nyuma. Mhasibu aliutazama mshale, akamtazama yeye. Taratibu alikaa, mikono kwenye usukani, macho kwenye kioo. Mvuke haukutoka. Bibi akainua fimbo, akaendelea.

Wakafika wote pamoja.

Baada ya maziko bibi alikuja kwenye geti la makaburi, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. "Limechoka kuliko mimi," alisema. Mhasibu alikuwa akikamua shati lake. Simu ya Taratibu ikaita, alikuwa dada wa mapokezi wa kampuni.

"Tunafuatilia malalamiko yako, baba. Meneja alisema leo ulikuwa na safari. Gari limechemsha?"

Angeweza kusema ndiyo. Alitazama kaburi jipya. "Halikuchemsha. Tuliwasha hita, tukapikwa sisi."

"Lakini halikuchemsha?"

"Halikuchemsha."

"Basi tunayafunga malalamiko."

"Haya, yafunge. Yameshafungwa?"

"Tayari."

"Sasa fungua mapya. Gari lile lile, mtu yule yule."

Dada wa mapokezi akavuta pumzi. "Tatizo ni nini?"

"Linapata moto likienda mwendo wa msiba."

"Hapa wanataka namba, baba. Ni kilomita ngapi kwa saa?"

Taratibu alishusha simu, akamgeukia mzee. "Bibi, kampuni inauliza. Unatembea kilomita ngapi kwa saa?"

Bibi alifikiri, fimbo mkononi, vumbi la barabara nzima miguuni.

"Waambie inategemea namsindikiza nani."