Mwosha Matundu Aliyesahau Kusema Mashallah

Anfushi, Iskandaria, Misri. Shahata Abdelmawla amechuchumaa juu ya paa, mikono yake imo ndani ya beseni la maji moto na siki. Anasugua kijiti cha mpera ambacho kasuku amekuwa akisimama juu yake na kukinyea wiki nzima. Pembeni, bembea, kengele na vichezeo vya mbao vinakauka juani.

"Sabuni ya unga hapana," anasema. "Ndege anatafuna kila kitu. Ukimwachia povu, umemlisha."

Ndiyo kazi yake: kwenda nyumba kwa nyumba kuosha matundu ya ndege wa watu. Siku nzuri huwapelekea wanawe ful, maharage ya kupondwa, na mikate. Siku mbaya huambulia chai.

Mwezi wa Shaabani hata hiyo chai aliikosa. Alipomaliza kuosha tundu la Zumurudi, kasuku wa Hajja Inshirah, ulimi ulimteleza: "Loo, huyu kanenepa!" Akaishia hapo. Mashallah, neno la kuzuia jicho la husuda, hakusema.

Siku chache baadaye kasuku akaanza kuharisha na kunyonyoka manyoya. Mtaa mzima ukajua ni jicho la nani.

"Nilifungiwa milango mchana kweupe," anasema Shahata, na bado inamuuma. Jina lake maana yake ni ombaomba. Mama yake, aliyekwisha kuzika watoto, alimpa makusudi ili hasidi asimtazame mara mbili. "Mimi nimekingwa na jicho tangu kuzaliwa, halafu niitwe mwenye jicho!"

Hajja akazidisha kinga. Ndani ya tundu tayari ulining'inia ushanga wa buluu kwenye kitambaa kilichosomewa na shehe. Akaongeza mwingine, na mwingine tena. Kasuku akawa anavitafuna vitambaa hivyo.

Hatimaye Shahata alijikaza akabisha hodi. "Hajja, vitambaa hivyo vimejaa kinyesi, na ndege anavila. Vimewahi kuoshwa?"

"We mwanamume! Nioshe kisomo? Kesho utaniambia nioshe na msahafu!"

"Basi yasomee maji wewe, mama yangu. Mimi nitasugua."

Hajja alileta beseni la maji safi. Akaliinamia, akasoma Ayatul Kursi, akapuliza. Shahata akasema Mashallah kwa sauti, mara mbili, ndipo akashika mswaki. Shanga, vitambaa, vijiti, vyote vikaoshwa.

Zumurudi akapona.

"Kilichomponya ni kisomo changu," Hajja anasisitiza. "Yule kazi yake kusugua tu." Lakini ni yeye aliyepita kwa majirani, mlango kwa mlango, kuwaambia wamrudishe kazini.

Shahata anacheka akisikia hayo. Anatamani kibanda chake mwenyewe chenye bomba, watu wamletee matundu. Na mlangoni ataning'iniza nini?

"Ushanga wa buluu, lazima! Mtaa huu naujua," anasema, akigeuza kijiti juani. "Nitauosha kila Ijumaa. Hajja atasoma."